Zam Anaendelea Vizuri

Shafiki Loro wa Koboko hakuweza kumwona mwenzake akiumia. Siku ya Idd mbuzi wake alichinjwa na jirani, naye akaingia ndani kujifanya anatafuta sufuria. Binti yake Shamirah alipopelekwa kuchanjwa akiwa mdogo, Shafiki alibaki nje ya zahanati akitazama malori yanayopandisha kwenda Oraba mpakani, mpaka kilio kikaisha. Alizaliwa uhamishoni ng'ambo ya mpaka, miaka ile baba yake, askari wa serikali iliyoanguka, alipokimbia na familia yake kwa miguu. Wapo waliosema roho yake ililainika huko, kwa mambo aliyoyaona akiwa bado mgongoni mwa mama. Yeye mwenyewe hakukumbuka kitu. Alijua tu kwamba mtu akilia karibu naye, miguu yake hutafuta mlango.

Watu walimpenda kwa upole huo, na mkewe Zam kuliko wote. "Mimi naolewa na mutu ya roho laini," alikuwa akiwaambia wanawake waliokuja kusagisha, na wanawake wakicheka, naye Shafiki akiinamisha kichwa juu ya injini.

Walikuwa na kinu cha kusaga nyuma ya nyumba. Shafiki alishughulika na injini, mikanda na dizeli. Zam alishughulika na watu. Alipokea muhogo mkavu, mtama na mahindi, akajua ni mfuko wa nani na nani alitangulia, na sauti yake ilisikika hata kinu kikinguruma. Halafu sauti ile ikaanza kukatika. Zam alikuwa akianza sentensi na kusimama katikati, mkono kiunoni, akisubiri pumzi irudi. Miguu ikavimba. Ikafika mahali hawezi kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea mito, na Shafiki pembeni akisikiliza.

Daktari wa Arua alimwekea chombo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema mlango mmoja wa moyo, vali inayopitisha damu, umeharibika. Akamuuliza kama utotoni aliwahi kuugua koo na kuvimba magoti. Zam alikumbuka: alikuwa msichana, alilala wiki nzima, wakamkanda kwa maji moto, akapona. Kumbe hakupona. Wakapelekwa Kampala, akapasuliwa kifua, mlango ule mbovu ukatolewa, akawekewa mwingine wa chuma. Ukikaa karibu naye mahali penye utulivu uliusikia ukigonga taratibu, kama saa iliyofungwa ndani ya kitambaa.

Wakati wa kurudi walipumzika Arua, kwa Hajara, dada yake Zam, aliyekuwa na nyumba mtaa wa Mvara. Kutoka hapo wakaenda hospitali kuonana na mtu waliyeelekezwa huko Kampala: Night Poni, mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye wagonjwa walimwita sista wa mazoezi. Alikuwa Mkakwa wa upande wa Koboko, mwembamba, mwenye maneno ya haraka. Alimketisha Zam ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, akamwekea viganja mbavuni.

"Kifua ikipasuliwa, mutu naogopa maumivu," alisema. "Basi napumua juu-juu, hapa karibu na shingo. Huku chini mapafu nalala, najikunja. Makohozi nakaa pale, naoza. Halafu homa inaingia. Kazi yetu ni kuamsha huku chini. Vuta kwa pua, polepole, mpaka mikono yangu isukumwe. Shika kidogo. Sasa toa kwa mdomo, kama unapoza chai."

Akamwonyesha kukumbatia mto kifuani na kukohoa kwa nguvu akiwa ameukumbatia. Akampa chupa yenye maji na mpira mwembamba, apulize mpaka maji yachemke kwa mapovu. Akamwambia atembee kila siku, leo mpaka mlangoni, kesho mpaka barabarani. Kisha akamgeukia Shafiki, maana aliona jinsi alivyokuwa akitazama dirishani.

"Baba, itauma. Kuuma siyo kupasuka. Mifupa yake imefungwa na waya ya chuma. Usiogope."

"Siogopi, sista," akajibu Shafiki.

Night Poni akachukua namba yake ya simu, akasema atakuwa akipiga kuuliza.

Asubuhi ya kwanza huko Koboko, Zam aliketi kitandani, akakumbatia mto, akavuta pumzi. Alipokohoa, uso wake ulijikunja wote. Sauti iliyotoka haikuwa ya kikohozi, ilikuwa yowe la mtu aliyechomwa, na machozi yakamtiririka bila yeye kulia. Shafiki alidhani amesikia kitu kikikwaruza ndani ya kifua kile. Akaunyakua mto.

"Wacha," akasema. "Wacha sasa, Mama Shamirah. Pumzika. Tutafanya jioni."

Zam akamtazama kwa shukrani, akajilaza. Jioni hawakufanya. Kesho yake Shafiki alisema mwili bado umechoka na safari. Keshokutwa hakusema kitu, naye Zam hakuuliza.

Simu ya Night Poni ilipoita, Shafiki alikuwa kwenye kinu, vumbi la unga limemjaa kope.

"Baba, Zam iko aje? Nafanya mazoezi?"

"Nafanya, sista. Naendelea muzuri."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria, kama mtu anavyojibu salamu. Alipokata simu alijiambia kwamba kuanzia siku hiyo wataanza kweli, na kwa hiyo hajasema uongo, ametangulia kidogo tu. Lakini alipoingia ndani akamkuta Zam amelala, uso umetulia, akashindwa kumwamsha kwa ajili ya maumivu.

Basi ikawa hivyo. Kila simu ilipoita, Shafiki alijibu, na kila jibu lilihitaji kuwa kubwa kuliko lililotangulia. Alisema Zam ametembea mpaka barabarani. Alisema amepuliza chupa mpaka maji yakamwagika. Siku moja alisema kwamba makohozi yametoka, meupe, machache, na Night Poni akafurahi sana upande wa pili wa simu, akasema, "Wewe ni mume wa kweli. Wengine hapa natupia wanawake kazi peke yao." Shafiki aliweka simu mfukoni, akasimama muda mrefu akiiangalia injini isiyokuwa na tatizo lolote.

Na kwa hakika alimtunza. Alimletea uji kitandani, akamwosha miguu, akafua. Hakumruhusu kuinua hata kikombe. Wanawake waliokuja kusagisha walikwenda kuwaambia waume zao, mtazameni Shafiki. Sifa hizo zilimfikia, naye alizipenda, kisha akaona haya kwa kuzipenda.

Asubuhi moja Zam mwenyewe alinyoosha mkono akaichukua chupa kwenye kimeza. Alipuliza mara moja, akakohoa, akashika kifua. Shafiki akaja mbio, akaitoa chupa mkononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Kesho," akasema.

"Sista alisema kila siku," akasema Zam.

"Kesho, mama. Leo kifua yako bado mbichi."

Zam aliendelea kukohoa akiwa amelala, kikohozi kifupi kikavu. Shafiki akatoka nje, akawasha kinu. Hapakuwa na mteja. Alimimina debe la mahindi yake mwenyewe, akasaga kile ambacho hakikuhitajika kusagwa, na katika ule mngurumo hakusikia kitu kingine. Baada ya hapo ikawa desturi. Saa za kukohoa kwa Zam zikawa saa za kinu.

Homa ilimwingia Zam siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikuwa anapumua haraka haraka, pua zinatanuka, na midomo yake imepata rangi ya jivu. Shafiki aliujua ukweli wakati uleule. Hakuhitaji kuambiwa na mtu, maana Night Poni alikwisha kuieleza safari yote ya ugonjwa huo: mapafu yanalala, makohozi yanaoza, homa inaingia. Alichopaswa kufanya ni kumpakia Zam kwenye gari na kushika barabara ya Arua. Lakini Arua alikuwako Night Poni, na Night Poni angeuliza.

Akajiambia ni malaria. Akaenda dukani akanunua dawa ya malaria na ya homa. Simu ikaita, akaona jina la sista, akaizima. Akaenda msikitini, akasali miongoni mwa watu, wakamwuliza hali ya mgonjwa, akasema anaendelea vizuri. Siku hiyo ya Ijumaa ndiyo ambayo baadaye hakuweza kuikwepa. Uongo mwingine wote aliweza kuuita huruma. Huu wa Ijumaa haukuwa na jina hilo. Alimwacha mkewe ahangaike na pumzi siku nzima ili yeye asiulizwe swali.

Jumamosi alfajiri Zam hakuweza kumaliza kusema neno "maji". Jirani mwenye gari akawapeleka Arua. Njia nzima Shafiki alimshika mkewe bega, akisikiliza ule mlango wa chuma ukigonga kwa haraka.

Hospitalini walimwekea oksijeni, wakampiga picha ya kifua. Daktari wao aliitwa Anguyo, kijana mpole aliyeinama kila alipoongea na mgonjwa. Night Poni alikuja pia, alipopata habari. Picha ilionyesha upande wa kushoto chini pamekuwa peupe.

"Inaweza kuwa mapafu yamejifunga," alisema Daktari Anguyo, "au maji yanayotoka kwenye moyo. Mama, ulikuwa unafanya mazoezi ya kupumua?"

Alimwuliza Zam. Zam alikuwa na oksijeni puani, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyefukuzwa. Akafungua mdomo.

"Alikuwa nafanya," akasema Shafiki. "Kila siku."

Zam akafunga mdomo. Alimtazama mumewe, akageuza macho ukutani.

"Ni kweli, daktari," akasema Night Poni. "Nimekuwa nikifuatilia kwa simu. Baba huyu ni mtu makini."

Daktari akakunja uso. "Basi sipendi hali hii. Kama mapafu yalikuwa yanafunguliwa kila siku, siyo rahisi yajifunge hivi. Nina wasiwasi na ule mlango mpya. Huenda moyo ndio unaoshindwa, au kuna wadudu wameukalia. Tumpunguzie maji mwilini, na tuandae gari la wagonjwa. Inabidi arudi Kampala leo."

Wakamchoma sindano ya kumkojoza. Muuguzi akaondoa kikombe cha maji kilichokuwa kimezani. Shafiki akasimama mwisho wa kitanda. Alifikiri kwamba pengine ni kweli, pengine ni moyo. Madaktari wanajua zaidi. Alijaribu kulishikilia wazo hilo kwa mikono miwili.

Zam akaomba maji. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi umemganda.

"Pole, mama," akasema muuguzi. "Daktari amekataza. Moyo wako hauwezi maji mengi. Nitakulowesha midomo tu."

Akachovya pamba, akampitishia mdomoni. Zam akaikamata pamba kwa meno na kuinyonya.

Shafiki aliiona ile pamba kati ya meno ya mkewe, na miguu yake ikatafuta mlango kama siku zote. Ilimchukua kweli, akatoka, akafika ubarazani. Lakini ubarazani alimkuta Night Poni na Daktari Anguyo wakizungumza habari za gari, na jinsi mgonjwa asiyeweza kulala atakavyosafiri njia ndefu namna ile. Hapakuwa na mahali pengine pa kutokea.

"Sista," akasema. Wakaendelea kuzungumza. Akasema tena. "Sista. Yeye hapana fanya."

"Hapana fanya nini, baba?"

"Mazoezi. Hata siku moja. Mimi ndiyo nakataza. Chupa mimi nachukua. Kutembea, hakutembea. Maneno yote ya simu, mimi natunga."

Night Poni alimtazama kana kwamba amemsikia akizungumza lugha asiyoijua.

"Hata makohozi?"

"Hata makohozi. Na homa ilianza juzi. Jana nilizima simu."

Shafiki alitamani apigwe. Angepigwa angekuwa na kitu cha kufanya na mwili wake. Daktari Anguyo aligeuka, akarudi wodini, na Shafiki akamsikia akitoa maagizo upya: maji arudishiwe, dawa ya kuua wadudu wa kifua ianze mara moja, gari lisubiri. "Moyo bado tutaupima," alisikika akisema. "Lakini sasa najua pa kuanzia."

Night Poni alibaki amesimama.

"Ungesema asubuhi," akasema hatimaye. "Tumemkausha bure. Makohozi yale sasa yatakuwa mazito kama gundi."

"Najua."

"Hujui." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha. Alipozungumza tena hasira ilikuwa imehamia mahali pengine. "Na mimi. Kila mara nilipiga simu yako. Nilikuuliza wewe habari za kifua cha mutu mwingine. Sikusema hata mara moja, nipe Zam niongee naye. Njoo. Kuna kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Zam aliketishwa ukingoni mwa kitanda, na Shafiki akaambiwa apande nyuma yake, aketi, amwekee viganja mbavuni chini kabisa, kila upande. Zam alipovuta pumzi, mkono wa kulia wa Shafiki ulisukumwa kidogo. Wa kushoto haukusogea. Ulikaa pale kama umewekwa juu ya ukuta.

"Unahisi?" akauliza Night Poni.

"Nahisi."

"Upande huo ndiyo umelala. Mama, vuta tena. Usukume huo mkono wake. Ongeza kidogo kwa pua, kama unanusa kitu. Shika. Toa."

Walirudia, wakapumzika, wakarudia. Halafu mto. Zam aliukumbatia, Night Poni akaweka mikono yake juu ya mikono ya Zam, akambana. "Pumua kwa nguvu mdomo wazi, kama unatia ukungu kwenye kioo. Haa. Tena. Sasa kohoa."

Zam akakohoa, na lile yowe likatoka. Safari hii lilipita moja kwa moja kwenye mbavu zake likaingia kwenye viganja vya Shafiki, likapanda mpaka mabegani. Hapakuwa na injini ya kuwasha. Alifumba macho, akabaki. Alisema baadaye kwamba hakubaki kwa ujasiri. Alibaki kwa sababu kama angetoa mikono, Zam angeanguka nyuma.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotoka. Walimpa maji, wakampa mvuke avute, wakampumzisha, wakaanza upya. Alasiri donge la kwanza lilitoka, zito, la kijani, lenye harufu, na Zam akalitemea kwenye bakuli, akalegea kifuani mwa mumewe akihema. Night Poni alilitazama lile donge kwa makini, akamwambia Zam, siyo Shafiki, "Vizuri sana, mama. Hilo lilikuwa linataka kukuua."

Hajara alifika jioni kutoka Mvara na chakula. Shafiki alimwambia yote palepale, mlangoni mwa wodi, kabla hajaingia. Hajara alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampita, akaingia kwa dada yake. Tangu siku hiyo, muda wote walipokuwa Arua, alikuwa akimwekea shemeji yake sahani mbele yake na kuondoka, hamwambii karibu, hamwulizi kama ameshiba. Shafiki alikula kila alichowekewa. Aliona kwamba kukataa chakula kungekuwa kujidekeza.

Zam hakuongea naye habari hiyo mpaka homa iliposhuka na oksijeni ikatolewa. Walikuwa ubarazani, katika matembezi yake ya kwanza, naye amemshika Shafiki mkono kwa sababu ya lazima tu.

"Siku ile daktari naniuliza," akasema, "nilikuwa nataka kusema ukweli."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umejibu tayari. Mbele ya watu. Niseme nini? Nikufanye muongo mbele ya daktari na sista?"

Shafiki akasimama. Hakuwa amewahi kufikiri hivyo. Alidhani Zam alinyamaza kwa kukosa pumzi.

"Ungekufa," akasema.

"Ningekufa," akasema Zam, kama mtu anayekubali bei. Akatembea kidogo, naye akamfuata. "Na kitu kingine. Ile kinu. Ulidhani mimi sijui kwamba hapana mahindi ya mutu pale? Nilikuwa nalala, nasikia unawasha, najua: huyu ameshanikimbia. Maumivu nilikuwa naweza, Baba Shamirah. Kukimbiwa nilikuwa siwezi."

Alitaka kumwomba msamaha. Maneno aliyapanga, yakawa tayari kinywani, kisha akaona kwamba akiyasema sasa, Zam atalazimika kumjibu, na atamjibu kwa upole, na upole huo utamgharimu pumzi. Akayameza. Alimwomba baadaye, huko Koboko, mchana mmoja akiwa anamenya vitunguu, na Zam akasema, "Nimesikia." Hakuongeza zaidi. Shafiki hakumsukuma.

Moyo ulipimwa, ukakutwa salama. Mlango wa chuma ulikuwa unafanya kazi yake. Walikaa Mvara kwa Hajara mpaka Night Poni alipoamua kwamba Zam anaweza kurudi nyumbani. Huko Koboko mazoezi yakawa kama sala, yana wakati wake. Asubuhi na jioni Shafiki alizima injini hata kama kuna foleni ya watu, akaingia ndani, akakaa nyuma ya mkewe na kuweka viganja. Mkono wa kushoto ulianza kusogea, kidogo mno mwanzoni, hata alidhani anajidanganya, maana sasa alijua jinsi anavyoweza kujidanganya. Hakumwambia Zam mpaka Zam mwenyewe aliposema, "Leo umeisikia ikisogea?"

Wanawake wa kinuni waliendelea kumsifu. Walimwambia ana bahati Zam kuwa na mume kama yeye, amemrudisha kutoka kaburini. Alijaribu kuwaeleza. Alimweleza mmoja, Zuhurah, mama mtu mzima wa jirani, kila kitu, mpaka ile Ijumaa. Zuhurah akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Ni mapenzi tu, mwanangu," na kesho yake sifa zikawa zimeongezeka. Shafiki akaacha kueleza.

Zam alipona, lakini hakurudi kuwa yule wa zamani. Sehemu ndogo ya pafu la kushoto haikufunguka vizuri tena. Akipanda mlima husimama. Akicheka sana hukatika pumzi. Daktari Anguyo, walipoenda kuangaliwa, alisema huenda ni kovu la ile homa, na huenda lilikuwepo tangu kabla, kwa miaka mingi moyo ulivyokuwa mbovu. Picha za zamani hazikuonyesha vya kutosha. Shafiki alimwuliza mara mbili, kwa maneno tofauti, ni lipi. Daktari akasema hawezi kujua. Zam aliondoka chumbani humo akiwa mwepesi, ameridhika, akizungumzia kununua samaki sokoni kabla ya kurudi. Shafiki alitembea nyuma yake. Angeweza kubeba jibu lolote kati ya yale mawili. Lililomwelemea ni kwamba hatapewa hata moja.

Mwaka huu Zam amerudi kwenye kinu. Amewekewa kiti mbali na vumbi, upande unakotokea upepo, na kitambaa puani. Anapokea mifuko, anajua nani alitangulia, na akitaka kumwita mtu wa mbali humtuma mwingine amwitie. Siku za Jumapili Night Poni, akija kuwaona wazazi wake, hupita kuwasalimu. Ugomvi haukuwahi kuwepo kati yake na Shafiki, lakini wote wawili hukaa kwa adabu ya watu walioona kitu kimoja.

Juzi alipita mtu mmoja wa Ayivu, karibu na Arua, aliyewafahamu zamani, akiwa njiani kwenda Oraba. Alimkuta Shafiki nje, amekunja mikono ya shati, anabadilisha mkanda.

"Shafiki! Na mama je? Iko aje?"

Shafiki akainua kichwa. Neno lilikuwa pale, jepesi, limezoea njia. Akakaa nalo kidogo, mkanda mkononi, mpaka yule mgeni akaanza kushangaa.

"Iko pale kwa kiti," akasema. "Enda umuulize."